Pipeti Mdomoni, Mipira Kabatini

Gari la wageni lilikuwa bado halijapita geti wakati Mkuu wa Maabara alipoanza kuikusanya ile mipira. Ilikuwa sita, ya rangi ya machungwa, kila mmoja unatosha kiganjani. Mpira wa namna hiyo unauchomeka juu ya pipeti, ule mrija wa glasi wa kupimia dawa, unauminya, unauachilia, na dawa inapanda bila mtu kuinyonya kwa mdomo. Kazi yake ni hiyo tu. Aliifuta mmoja mmoja kwa kitambaa, akairudisha kwenye boksi lake, akafungua kabati la vioo, akaliweka boksi rafu ya juu karibu na vikombe vya maua, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Mimi nilibaki nimeshika pipeti isiyo na kitu juu yake. Sampuli ya saa nane na nusu ilikuwa inangoja.

"Endelea, Mama Kendi," akaniambia. "Saa inaenda."

Asubuhi yote nilikuwa nimefanya kazi kwa mpira na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuuzoea. Niliweka pipeti juu ya meza.

"Fungua kabati."

"Unasema?"

"Fungua hilo kabati. Hii kitu siitii mdomoni tena. Nina mtoto ananyonya."

"Ile ni mipira ya wageni."

"Mzee, hata mimi nina vikombe vya wageni kwangu nyumbani. Lakini wageni wakienda simpi mtoto wangu chai kwa kiganja."

Pale kwenye sinki, Mama Mwiti, fundi wa maabara aliyenifundisha kazi, alifunga mfereji ili asikie vizuri.

Mwalimu wangu wa kemia ndiye ameniomba niwaandikie nyinyi wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, niwaeleze kazi ile ilikuwaje. Kwa kawaida mambo kama haya huandikwa na mzee aliyestaafu, mwenye saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa. Mimi nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita na sikupewa saa. Lakini kazi niliifanya, niliipenda, na kuna mambo ndani yake ambayo mpaka leo yananisumbua kichwani kama mtoto anayevuta sketi. Basi nitaanza mwanzo.

Siku ya kwanza nilifika Kaaga, pale Meru, nikiwa na viatu vya shule vilivyopakwa rangi upya. Maabara ilikuwa nyumba ya mawe ya vyumba vitatu iliyokodishwa na mradi wa utafiti. Nilitarajia mashine kubwa zenye taa. Nilikuta meza, sinki, na mwanamke mfupi wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani. Huyo alikuwa Mama Mwiti.

"Umepita kemia?" akaniuliza.

"Nilipata B."

"Hiyo B iache pale nje na mwavuli. Hapa tunaanza na kuosha vyombo."

Niliosha vyombo wiki mbili. Chombo kilichooshwa vibaya kinasema uongo, aliniambia, na uongo wake unaingia kwenye daftari ukiwa umevaa namba. Baada ya hizo wiki mbili ndipo aliponionyesha utando.

Fikirieni viboksi viwili vya plastiki ngumu, kila kimoja kama kasha la sabuni, vimekutana ubavu kwa ubavu na kukazwa kwa bolti nne. Pale vinapokutana kuna dirisha, na kwenye dirisha kuna kipande cha plastiki nyeupe chembamba kuliko karatasi ya mkate. Kina matundu mengi ambayo jicho haliyaoni. Tangu jana yake kimelowekwa ndani ya mafuta taa yaliyosafishwa, yenye kemikali tuliyoiita mbebaji. Matundu yakishayanyonya hayo mafuta, kile kipande kinakuwa utando wa majimaji. Plastiki imeyashika mafuta, mafuta yamesimama katikati ya maji mawili, na maji ya kushoto hayakutani na ya kulia kwa sababu maji na mafuta hayaelewani.

Kushoto tulitia asidi ya nitriki yenye urani, metali inayotoa miale. Rangi yake ni njano, kama mkojo wa asubuhi, na samahani lakini ndivyo ilivyo. Kulia tulitia maji yenye magadi safi ya maabara, ukoo mmoja na yale mnayotia kwenye maharagwe. Sasa ioni ya urani, yaani chembe ya ile metali yenye chaji ya umeme, haiwezi kupita kwenye mafuta peke yake. Mbebaji anaishika upande wa kushoto na kuvuka nayo. Akifika kulia, magadi yanamnyang'anya. Anarudi mikono mitupu kuchukua nyingine. Chuma kilichomo humo kinabaki, chokaa inabaki, kwa sababu mbebaji hana haja navyo.

"Nani anamwambia aache chuma achukue urani?" nikauliza.

"Ng'ombe wako anaambiwa na nani aache magugu?" Mama Mwiti akanijibu. "Anajua lake."

Asubuhi ile kushoto kulikuwa njano na kulia kweupe kama maji ya mvua. Kufika jioni, kushoto kumepauka na kulia ndiko kumekuwa njano. Hakuna aliyemimina kitu. Hakuna kilichochemshwa. Nilikaa pale kwenye stuli nikitazama mpaka soja alipokuja na kufuli akaniuliza kama sina kwetu.

Faida yake ni hii. Maji yaliyoosha mawe yenye metali za miale, au maji ya kisima yaliyozichukua huko chini ardhini, ni mengi na huna pa kuyaweka. Kwa utando, unazitoa zile ioni kwenye mapipa ya maji na kuzikusanya ndani ya chupa moja ndogo unayoweza kuifungia. Ugonjwa wa utando ni kwamba haudumu. Mafuta yanavuja kidogo kidogo kutoka kwenye matundu, na siku moja maji ya pande zote mbili yanakutana. Hapo tulisema utando umekufa, tukaanza upya. Mkuu wa Maabara alitaka kujua utando unakufa kwa nini na lini, na hilo ndilo tulilokuwa tukilipimia.

Kupima maana yake ni sampuli. Kila nusu saa, mililita moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia. Kila sampuli, pipeti. Kila pipeti, mdomo.

"Nyonya polepole kama uji wa moto," Mama Mwiti alinifundisha. "Macho kwenye alama, si kwa mlango kuona nani anaingia. Ikipita alama kidogo, toa mdomo, ziba kwa kidole, shusha."

"Na ikifika mdomoni?"

"Tema. Sukutua. Utachekwa, halafu utaendelea."

Mafundi wa zamani walijivunia ulimi wao. Chupa ikipoteza karatasi yake ya jina, Mama Mwiti aligusisha ncha ya pipeti kwenye ulimi na kusema hii ni fulani. Asidi inasisimua meno. Magadi yanateleza kama sabuni. Mbebaji ukimwonja utasikia mafuta taa mpaka Jumapili kanisani. Mkuu alihakikisha kila mfanyakazi anapata gilasi ya maziwa saa nne, kwa sababu kwetu sisi wote tunaamini maziwa yanaosha sumu, na yeye aliamini kuliko sisi.

Nilimuuliza Mkuu kuhusu miale. Hakukasirika. Alichukua kile kifaa kinachohesabu miale kwa kutoa sauti ya tik tik tik, akakisogeza karibu na chumvi ya urani iliyokauka kwenye kisahani, kikalia. Akaweka karatasi katikati, na sauti ikapungua mno.

"Unaona? Miale yake mingi haipiti hata karatasi. Ngozi yako inatosha."

"Na nikimeza, karatasi iko wapi?"

"Usimeze," akasema, akaenda zake.

Mwaka wa pili nilipelekwa Embu, nyanda za chini upande wa Mbeere, kukusanya maji ya visima virefu. Kule mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Nyanjani, mzee mkavu aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Alikuwa na sharti moja. "Usiniletee maji bila hadithi yake. Nani anayanywa, yanachemka vipi, mbuzi wanayapenda au la." Wenzangu walimcheka. Mimi nilijaza hadithi mpaka daftari likaisha.

Kwenye kisima kimoja nilimkuta mama mmoja amekuja na punda na mitungi minne. Nikamuuliza maji yakoje.

"Kwa chai ni mabaya," akasema. "Chai inakuwa nyeusi na haina ladha. Lakini maharagwe, mwanangu, haya maji yanaivisha maharagwe kabla mtoto hajalia mara ya pili."

"Bila kutia magadi?"

"Magadi ya nini? Onja."

Nikaonja. Yaliteleza ulimini kama sabuni. Niliandika: maji haya yana magadi yake yenyewe. Msimamizi wa Nyanjani alisoma, akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Nilirudi Kaaga. Niliolewa, nikapata Kendi, nikakaa nyumbani ile miezi miwili ya likizo, nikarudi kazini. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kianjai kunilelea mtoto, na kila saa saba alimleta getini nimnyonyeshe chini ya ua wa michongoma. Kisha nilirudi ndani kunyonya mimi. Nilikuwa nikisukutua kwanza kabla sijambusu. Hilo tu ndilo nililokuwa nimejua kufanya.

Wakati huo tulianza kujaribu maji halisi ya visima vya Embu badala ya maji safi ya maabara. Tulichukua yale maji, tukatia urani kidogo tunayoijua kiasi chake, tukayaweka kushoto, tukangoja. Urani haikuvuka. Siku nzima imekaa pale pale kama mtu aliyekataa kuhama shamba.

"Umekaza bolti vibaya," Mkuu akasema.

Nikakaza upya. Haikuvuka. Akasema nimeloweka utando muda mfupi. Nikaloweka siku mbili. Haikuvuka. Akasema mawazo yangu yako kwa mtoto. Niliosha vyombo vyote upya, nikarudia mara ya tano. Wapi.

Nilikuwa natengeneza githeri nyumbani, mahindi na maharagwe, nimeshika jiwe la magadi mkononi, nikakumbuka yule mama wa punda. Magadi ndiyo tuliyoyaweka upande wa kulia ili yamnyang'anye mbebaji urani. Sasa kama kisima kimetia magadi yake upande wa kushoto, urani itaondokaje? Imeshashikwa kabla mbebaji hajafika. Haimtaki. Githeri iliungua kidogo na Baba Kendi akauliza kama leo tunakula makaa. Nikamwambia ale tu, nimepata kitu.

Kesho yake nilitia asidi kwenye maji ya kisima tone kwa tone. Yakatoa povu, kwa sababu asidi inayaua magadi na hewa inatoka. Nilipoona povu limeisha, nikaongeza asidi mpaka kiwango chetu cha kawaida, nikatia urani, nikafunga boksi. Kufika jioni kulia kulikuwa njano.

Mkuu alisimama mbele yake muda mrefu.

"Nani alikuambia utie asidi kwanza?"

"Maharagwe."

Nilimweleza. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika kwenye daftari la maabara kwa mkono wake mwenyewe, na jina langu akaliandika kamili, si "msaidizi." Ninalisema hili kwa sababu ni kweli. Huyu hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kwa ajili ya matokeo hayo, Daktari wa Mradi alikuja kutoka Nairobi na wageni wawili wa ng'ambo. Mjue Meru inavyopokea wageni. Makoti yalipigwa pasi yakasimama yenyewe. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu. Glavu mpya zilitoka, sabuni yenye harufu ilitoka, na ile mipira sita ya rangi ya machungwa ikatoka kabatini na kupangwa juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa na mke wa Mkuu. Tuliambiwa tuitumie kama watu walioizoea. Mama Mwiti, ambaye hajawahi kuigusa, aliuminya wake mapema mno ukapulizia dawa nje, na wageni walidhani anawaonyesha jambo la kufanya kazi kwa uangalifu.

Daktari wa Mradi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini anayesikiliza mpaka mwisho. Nilipomweleza mambo ya magadi, alivuta stuli akakaa.

"Umeliona vizuri sana," akasema. "Na si kisimani tu. Hata damu yako ina kitu cha ukoo wa magadi. Urani ikiingia mwilini inashikwa nacho, inatembea nacho kwenye damu mpaka kwenye figo, na nyingi inatoka na mkojo."

"Na nyingine?"

"Kidogo inabaki. Mifupani, na kwenye figo zenyewe."

"Na kwenye maziwa ya mama?"

Alinitazama. Ilikuwa karibu saa saba, na mnajua mwili wa mzazi una saa yake. Koti langu jeupe lilikuwa limelowa kifuani upande mmoja. Aliona.

"Sijui," akasema. "Kwa kiasi kidogo mno, labda. Sijui. Lakini nyinyi hapa mna mipira, si ndiyo? Kwa nini unauliza?"

Mkuu wa Maabara alikuwa nyuma yake, amenikazia macho. Mpira ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema pale pale na mambo yangeisha. Lakini kwetu mtu havui nguo za nyumba yake mbele ya mgeni. Nimelelewa hivyo, na Mkuu alijua nimelelewa hivyo.

"Nilitaka kujua tu," nikasema.

"Ni swali zuri."

Wakala, wakanywa soda, wakapigwa picha, wakaondoka. Ndipo mipira ikaanza kurudi kabatini, na mengine nimeshawaeleza.

Baada ya yale maneno ya vikombe, Mkuu alivuta kiti. Alikuwa amechoka, na hakuwa na sauti ya ugomvi.

"Mama Kendi. Mimi nimenyonya pipeti tangu nikiwa kijana. Watoto wangu wako sekondari, mmoja ni wa kwanza darasani. Ile mipira iliagizwa tukangoja mpaka tukasahau. Dawa zetu zinaila, inapasuka. Ikipasuka yote, wageni wakija tutasimama wapi? Watasema hawa watu bado wako msituni."

"Wageni wanakuja mara moja kwa mwaka. Mimi niko hapa kila siku."

"Ndiyo maana nasema ni ya wageni."

"Basi nipimie maziwa yangu. Vifaa viko hapa. Nataka kujua ninampa mtoto nini."

Akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Ukipima utaandika kwenye daftari. Ukiandika, wageni watasoma."

"Mpe mtoto wa watu ufunguo," Mama Mwiti akasema kutoka kwenye sinki.

Mkuu aliinuka akaenda ofisini kwake, na ufunguo ukaenda naye.

Sikuweza kungoja. Kesho yake asubuhi nilijikamulia maziwa kwenye bika, kile kikombe cha glasi cha maabara, nikajaribu kivyangu. Kuna rangi tuliyokuwa tukitumia kutambua urani. Ni nyekundu ya waridi, na ikikutana na urani inageuka kuwa kama bluu. Maziwa yaliganda nilipotia asidi. Nikayachuja, nikatia ile rangi kwenye maji yaliyobaki. Ikageuka. Haikuwa bluu kabisa, ilikuwa zambarau, lakini iligeuka, nikaibeba mpaka kwenye sinki.

Mama Mwiti hakusema pole. Alichukua ile gilasi ya maziwa ya ng'ombe ya saa nne, akaifanyia vile vile. Nayo ikageuka zambarau.

"Huyu ng'ombe hajanyonya pipeti," akasema.

Ni kwa sababu maziwa yana chokaa nyingi, na chokaa nayo inaweza kuisumbua ile rangi. Kwa hiyo zambarau yangu ingeweza kuwa chokaa tu. Au chokaa na kitu kingine chini yake. Kujua, lazima uyachome maziwa kwenye tanuru mpaka yawe jivu, uyeyushe jivu kwa asidi, kisha maji hayo uyapitishe kwenye utando wetu wenyewe. Chokaa ingebaki kushoto. Urani, kama ipo, ingevuka. Mnaona? Kifaa cha kunijibu kilikuwa pale mezani na nilikuwa nakijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Nilimwendea Mkuu kuomba tanuru. Akasema tanuru ni la kazi za mradi.

Saa saba mama mkwe alifika getini. Kendi aliniona akaanza kurusha miguu. Nilifungua kifungo kimoja nikasimama.

"Mbona humpi?" mama mkwe akauliza. "Una maziwa yanamwagika na mtoto analia."

"Nafikiria."

"Anafikiriaje mama mwenye mtoto analia? Kuna nini huko ndani?"

Nilimpa mtoto titi. Alinyonya amenishika kidole, macho yameninasa, na mimi nilikuwa namtazama kama ninavyotazama boksi la kulia, nikingoja nione nini kimevuka. Mama hatakiwi kumtazama mtoto wake hivyo. Jioni ile nilimwanzishia maziwa ya ng'ombe kwa kikombe, akayatema, akalia, na kwa siku tisa sisi wote katika nyumba ile hatukupata raha.

Niliacha kazi mwisho wa mwezi. Kendi sasa anatembea, anakula mukimo wa viazi, ana nguvu za kumpiga binamu yake. Mipira nasikia imetoka kabatini, Mama Mwiti amejifunza kuiminya, na anasema inamchelewesha. Swali langu la maziwa bado halijajibiwa.

Watu wananiuliza kama ninajuta kusomea mambo haya. Hapana. Usiku nikifumba macho bado ninaiona njano ikihama. Bado ninataka kujua utando unakufa kwa nini. Yeyote kati yenu atakayepata nafasi ya kukaa mbele ya viboksi viwili kama vile, akae, atazame, aulize mpaka wakubwa wachoke. Lakini siku ya kwanza, kabla ya kuvaa koti, aulize ufunguo wa kabati uko kwa nani.

Kabla ya kuacha kazi niliandika barua ya malalamiko, nikaichapa kwa mashine ya chuo cha rafiki yangu, nakala tatu. Niliipeleka ofisi ya mradi mwenyewe, nikasimama mbele ya karani mpaka akaipiga muhuri. Ilisema hivi:

Kwa Kamati ya Usimamizi wa Mradi,

Kupitia kwa Mkuu wa Maabara (amesoma, amekataa kutia sahihi).

KUH: MALALAMIKO KUHUSU KUNYONYA DAWA ZA MIALE KWA MDOMO, NA OMBI LA KUPIMWA

Mimi ni msaidizi wa maabara katika mradi huu. Tangu niajiriwe nimechukua sampuli za urani kwa kunyonya pipeti kwa mdomo, kila nusu saa, nikiwa msichana, nikiwa mjamzito, na nikiwa ninanyonyesha. Nimemeza mara kadhaa. Sikuandika mara ngapi kwa sababu hakuna aliyenipa daftari la kuandika hilo.

Mradi una mipira sita ya kuvutia dawa. Imefungiwa kabatini kwa ajili ya wageni. Wageni wenu hawachukui sampuli.

Sisemi Mkuu wa Maabara ana nia mbaya. Nasema ana ufunguo.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, mipira itolewe leo na ibaki mezani, na ikipasuka ipasuke ikifanya kazi. Pili, fundi wa maabara apimwe mkojo, kwa sababu yeye amenyonya miaka mingi kuliko mimi na hatawaomba. Tatu, maziwa yangu yachomwe, yapimwe kwa utando wetu, na jibu liandikwe kwenye daftari la maabara kwa wino, liwe lolote, hata kama wageni watasoma.

Daktari wa Mradi alisema swali langu ni zuri. Sikuliuliza ili lisifiwe.

Wenu,
Mama Kendi, Msaidizi wa Maabara, Kaaga.

Kiambatisho: Chupa moja ya maziwa ya mama, yamekamuliwa leo asubuhi. Chupa imeoshwa kwa asidi mara tatu. Iwekwe mahali pa baridi. Atakayeyapima asiyavute kwa mdomo.